Ngano Isiyokwisha: Mvuto wa Michezo ya Vidio ya Kuvaa Uhusika katika Vibanda vya Kongo, Nairobi

1. Utangulizi

Somo la fasihi simulizi katika vyuo vikuu vyetu limefundishwa kwa muda mrefu kwa kanuni moja. Mwanafunzi hupewa kinasa sauti na daftari, akatumwa kwa wazee kukusanya ngano, methali, vitendawili na nyimbo, kisha akarudi darasani kuziainisha. Kanuni hii imetuletea faida kubwa, na hakuna atakayebisha kwamba bila ya kazi hiyo sehemu kubwa ya hazina yetu ingalikwisha potea. Hata hivyo, ndani yake imejificha imani ambayo hatuikagui: kwamba fasihi simulizi ni mali ya mzee na ya kijiji, na kwamba kijana wa mjini ni mpokeaji tu, tena mpokeaji mbaya.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtuma mwanafunzi wangu mmoja Kawangware akakusanye ngano. Alirudi na kurasa kumi na moja za masimulizi aliyoyanasa usiku katika kibanda cha gemu, mahali paitwapo Kongo. Msimulizi alikuwa kijana wa umri wa miaka ishirini hivi. Hadhira ilikuwa vijana wenzake. Kisa chenyewe kilikuwa cha shujaa wa mchezo wa vidio. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu kuwa hii si fasihi simulizi, nikampa alama ya chini. Mwanafunzi hakubishana nami. Aliniuliza tu kama nimewahi kufika pale. Sikuwa nimewahi.

Makala haya ni matokeo ya swali lile. Yanakusudia kuchunguza mvuto wa aina moja ya michezo ya vidio, yaani michezo ya kuvaa uhusika katika ulimwengu wa kubuni usiokuwa na njia moja wala ukomo mmoja, na kuulinganisha mvuto huo na ule wa ngano zetu. Hoja yangu kuu ni hii: mvuto wa michezo hiyo hautokani na uhuru wa kwenda popote, kama inavyodaiwa mara nyingi, bali na ahadi yake kwamba tendo la mtu halitapotea. Nitaonyesha pia kwamba ahadi hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo huzibwa na usimulizi wa mdomo.

2. Fani yenyewe na asili yake

Kabla ya kuendelea yafaa tuafikiane juu ya istilahi. Kwa "mchezo wa kuvaa uhusika" nakusudia mchezo ambao mchezaji humtunga mhusika wake, akampa jina, umbo na stadi, akamwongoza katika visa vingi, na mhusika huyo akakua kadiri ya matendo yake. Kwa "ulimwengu huria" nakusudia mandhari ya mchezo ambayo mchezaji aweza kuyazunguka apendavyo, akashika kisa hiki na kukiacha kile, bila ya kulazimishwa kufuata mfululizo mmoja.

Fani hii haikuzaliwa ndani ya kompyuta. Chimbuko lake la karibu ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji waliketi pamoja, mmoja wao akawa msimulizi. Msimulizi alieleza hali, wengine wakasema wahusika wao wanatenda nini, na dado zikaamua kama tendo limefaulu. Mhakiki wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba hapa pana fanani, pana hadhira inayoshiriki, na pana utunzi wa papo kwa papo. Kompyuta ilipokuja ilimwondoa fanani, ikaweka mashine mahali pake.

Mfano mashuhuri wa tawi la kompyuta ni mfululizo wa The Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda ya Marekani, ulioanza mwaka 1994 na kufikia sehemu yake ya tano, Skyrim, Novemba 2011. Katika Skyrim mchezaji huanza akiwa mfungwa juu ya mkokoteni wa farasi, anapelekwa kuuawa. Joka linashambulia mji, naye anaponea. Tangu hapo milima yote iko wazi mbele yake. Kiko kisa kikuu, cha joka Alduin litakalouangamiza ulimwengu, lakini mchezaji aweza kukiacha kwa miezi akawinda, akafua vyuma, akanunua nyumba au akaoa. Hata akimwua Alduin, mchezo haufungi, maisha yanaendelea. Mfano wa karibu zaidi ni Elden Ring, uliotolewa Februari 2022 na kampuni ya FromSoftware ya Japani chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, huku mwandishi George R. R. Martin akiwa ameandika usuli wa ulimwengu wake. Katika mwaka wake wa kwanza uliuzwa nakala zaidi ya milioni 20.

3. Nunda na ngazi ya ushujaa

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa ngano za Kiswahili alizosimuliwa Unguja. Miongoni mwake imo ngano ya Sultani Majinuni, ambayo wengi wetu tumeifundisha. Sultani ana paka anayekula mifugo, watu wanalalamika, Sultani anakataa paka wake asiguswe. Paka anakua, anapanda kutoka ndama hadi mifugo mikubwa, hadi watu, hadi wana wa Sultani mwenyewe, akawa nunda. Anayeondoka kwenda kumwua ni mwana wa mwisho, aliyedharauliwa kwa kuwa alizoea kukaa jikoni na mama yake.

Tutazame muundo wa safari ile. Kijana anaua mnyama mdogo, anarudi kwa mama yake akidhani ndiye nunda. Mama anamwambia siye, anampa alama za nunda wa kweli. Kijana anaondoka tena, anaua mnyama mkubwa zaidi, anarudi, anajibiwa vivyo hivyo. Ngano inapanda ngazi namna hii, kutoka mbwa hadi twiga, hadi kifaru, hadi tembo, ndipo afike kwa nunda. Kwa hesabu ya tukio kuu, wanyama hawa wote ni kosa: kila mmoja ni mnyama asiye. Kwa hesabu ya mhusika, kila mmoja ni kipande cha ushujaa wake. Kijana wa jikoni hakuzaliwa na nguvu za kumwua nunda. Alizipata katika kuua wale wasiokuwa nunda.

Muundo huo ndio uti wa mgongo wa michezo tunayoizungumzia. Katika Skyrim stadi hukua kwa kutumika. Anayepiga upanga huwa hodari wa upanga. Anayefua chuma huwa mhunzi. Anayenyatia hujifunza kunyata. Hakuna tendo dogo lisilohesabiwa. Hata kosa huingia katika hesabu.

Wasifu wengi wa michezo hii hutaja uhuru: kwamba mchezaji huvutwa na uwezo wa kwenda kila mlima auonao. Nami nilikwenda Kongo nikiwa na jibu hilo mfukoni. Niliwauliza vijana kadhaa, kwa nyakati mbalimbali, kwa nini wanaupenda mchezo ule. Hakuna aliyetaja uhuru. Jibu lililonikaa moyoni lilitoka kwa kijana afanyaye kibarua cha mjengo: "Mwalimu, hapa ukifanya kitu, kinabaki."

Maana ya jibu hili haiwezi kueleweka bila ya kuyajua mazingira yake. Kawangware na Kibera, ambazo zimetenganishwa na Barabara ya Ngong, ni mitaa inayolala ikiwa imezungukwa na mitaa ya wenye nacho. Kijana huamka alfajiri kwenda kujenga maghorofa ya Kilimani au Lavington, akabeba kokoto na saruji kutwa, akalipwa ujira wa siku. Kesho hakuna anayekumbuka kuwa alikuwapo. Miaka mitano ya kubeba saruji haimfanyi fundi, kwa kuwa hakuna daftari inapoandikwa. Ghorofa linabaki, lakini haliwi lake wala jina lake halimo. Kwa mtu wa hali hiyo, ulimwengu ambamo kila pigo la nyundo linaongezwa katika stadi yake si ndoto ya majoka. Majoka ni pambo tu. Kinachomvuta ni haki katika kazi, haki rahisi kabisa, ambayo angeitarajia hapa duniani na hakuipata.

4. Dakika zenye bei

Hapa inatupasa tutaje ukweli wa kiuchumi ambao wahakiki wa nchi tajiri hawaugusi, kwa kuwa hauwahusu. Mchezo usio na mwisho humhitaji mchezaji mwenye muda usio na bei. Kibanda cha Kongo ni chumba cha mabati chenye runinga mbili au tatu, mabenchi, na mashine za PlayStation zilizokwisha kutumika kwingine. Humo muda huuzwa. Ndiyo sababu mfalme wa vibanda ni kandanda. Mechi ya kandanda ina mwanzo na mwisho. Huchezwa na watu wawili. Anayeshindwa hulipa na kumpisha mwingine. Ni bidhaa iliyokatwa tayari kwa kipimo cha sarafu. Mchezo wa ulimwengu huria haukatiki hivyo. Mtu akilipa sarafu moja atapanda nusu ya mlima, pedi ipokonywe.

Basi unachezwaje? Katika kibanda nilichokizoea unachezwa nyakati za ukame wa biashara: asubuhi za siku za kazi, na usiku baada ya mechi, mwenye kibanda anapokuwa radhi. Kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye kulipia saa mia za safari, shujaa ni wa kibanda. Yuko shujaa mmoja, amehifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine moja, na yeyote aliyepo akichangia sarafu humwendeleza. Jina lake limetungwa kwa silabi za majina ya vijana wanne walioanza safari. Majina hayo yanatoka katika makabila manne, na jina lililopatikana si la kabila lolote.

Jambo hili la jina si dogo. Mtaa wa Kawangware ulikumbwa na machafuko ya kikabila Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, na vijana hawa wakati huo walikuwa watoto wa shule. Ndani ya Skyrim nako kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe: upande mmoja ni wa dola, upande mwingine ni wa waasi wanaodai kuwa nchi ni ya wenyeji wake halisi. Mchezo humwalika mchezaji ajiunge na upande mmojawapo, lakini haumlazimishi. Niliona shujaa wa Kongo akiwa tayari mwenye nguvu nyingi na bado hajajiunga. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa mkato kwamba hiyo waliikataa mapema. Huu, kwa maoni yangu, ndio uhuru wa kweli wa fani hii, kama tunataka kuutaja uhuru. Mlima ulio wazi kwa mchezaji ni jambo dogo ukilinganisha na vita anavyoweza kuvikataa, naye hadithi ikaendelea.

Matokeo ya umaskini wa sarafu ni kwamba mchezo uliobuniwa kwa mtu mmoja, chumbani mwake, peke yake, umegeuka kuwa mchezo wa baraza. Mmoja anashika pedi, kumi wanatazama. Na kumi hawawezi kutazama kimya.

5. Mwisho ulio wazi, maneno yaliyofungwa

Tulinganishe sasa fani mbili hizi kwa upande wa lugha. Ngano ina mwisho uliofungwa. Kila mtoto anajua kuwa nunda atauawa. Kila msikilizaji wa kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa alikitungia utenzi mwaka 1913, anajua kuwa shujaa atauawa kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Lakini usimulizi wa ngano uko wazi: fanani anaongeza, anapunguza, anamtania aliyesinzia, anaingiza jina la jirani, anarefusha wimbo hadhira ikiupenda. Michezo hii ni kinyume chake. Mwisho uko wazi, au haupo, lakini maneno yamefungwa. Wahusika husema yale yaliyonaswa studioni, wala hawataongeza silabi. Mchezaji mwenyewe hasemi. Huchagua jibu moja katika majibu matatu au manne yaliyoandikwa. Ana milima elfu na sentensi nne.

Nitatoa mfano niliouona. Katika kijiji kimoja cha mwanzo wa Skyrim wako wanaume wawili wanaomtaka msichana mmoja, dada wa mwenye duka. Mmoja ni malenga, mwingine ni mfanyakazi wa kinu cha mbao aliye pia mpiga mishale. Kila mmoja yuko tayari kumpa mchezaji barua ya uongo ampelekee msichana, iliyoandikwa kana kwamba imetoka kwa mpinzani, ili mpinzani achukiwe. Mchezaji aweza kuipeleka barua ama kumfichua aliyeiandika. Baraza la Kongo lilijadili jambo hili kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Wengine walimtetea mfanyakazi wa kinu kwa kuwa anatoka jasho. Wengine walisema malenga hana kosa ila maneno matamu. Kisha mmoja akatoa rai ambayo wote waliikubali: barua zote mbili zipelekwe kwa mzee wa kijiji, awaite wote watatu, mambo yasemwe hadharani.

Mchezo hauna jibu hilo. Hapakuwa na mzee wa kuitwa wala sentensi ya kumwita. Aliyeshika pedi alisita kidogo, kisha akasema kwa sauti ya fanani: "Basi tumekwisha mwita mzee. Mzee ameona barua, ameguna, amesema wote wawili wakalete kuni." Watu wakacheka, shujaa akatoka kijijini bila ya kubonyeza jibu lolote. Kwa mujibu wa mashine kisa kile hakijatatuliwa. Kwa mujibu wa Kongo kimekwisha, na mara kadhaa baadaye nilisikia kikirejelewa kama hukumu.

Tendo hili ndilo nililolikataa kwa wino mwekundu. Mashine ilimwondoa fanani wa mwaka 1974, kibanda kimemrudisha. Anafasiri Kiingereza cha wahusika kwa Kiswahili cha Nairobi na kwa Sheng, anawapa watu wa mchezo majina ya watu wa mtaani, anaitikiwa na hadhira, anakosolewa akizidisha. Huo si mchezo wa vidio tena peke yake. Ni utendaji, na runinga ni mojawapo ya vifaa vyake.

Nilikuja kulielewa jambo hili kikamilifu niliporudi ofisini na kuzisoma tena zile kurasa kumi na moja, safari hii mpaka mwisho. Katika ukurasa wa pili, ambao sikuufikia mara ya kwanza, mwanafunzi alikuwa ameeleza mazingira ya kunasa. Siku ile mteja mgeni alikuwa ameanzisha safari mpya, akaihifadhi juu ya ile ya zamani, na shujaa wa kibanda akafutika. Miezi ya sarafu na usiku iliondoka kwa kubonyeza mara moja. Usiku huo runinga ilizimwa. Vijana walikaa gizani, na mmoja wao akaanza kusimulia matendo ya shujaa aliyepotea, tangu mkokoteni wa wafungwa, mmoja akimsahihisha hapa, mwingine akiongeza pale, mpaka karibu na usiku wa manane. Kurasa zile zilikuwa masimulizi hayo. Hapakuwa na mchezo wowote wa vidio ndani ya chumba. Palikuwa na ngano.

Hapa ndipo ahadi ya fani hii inapoonyesha kasoro yake. Mashine iliahidi kwamba kila tendo litabaki. Halikubaki. Kumbukumbu ya mashine ni mali, na mali hufutika, huuzwa, huibiwa, hukatiwa umeme. Kilichobaki ni kile kilichokwisha kuingia katika vinywa vya watu kumi. Shujaa aliyefuata, niliyemkuta mimi, ni wa pili wa jina lile. Matendo ya wa kwanza huhesabiwa kuwa yake, kama ukoo unavyohesabu.

6. Hoja mbili zinazopinga

Hoja ya kwanza, niliyoitoa mimi mwenyewe mara nyingi, ni kwamba michezo hii ni kasumba: inamnyang'anya kijana muda na nguvu ambazo angezitumia kubadili hali yake. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Wako wanaomaliza humo ujira wa siku, na baina ya kibanda cha gemu na kamari ya simu kuna hatua chache. Lakini hoja hii haielezi kwa nini, katika starehe zote zilizopo, mtu aliyechoka kwa kazi achague mchezo ambao ni kazi tupu: kuchimba, kubeba, kufua, kurudi. Anayekimbia kazi asingekimbilia huko. Anachokikimbia ni kazi isiyohesabiwa. Mhakiki anayelaani kasumba bila ya kutaja maumivu aliyonayo mvutaji amefanya nusu ya uhakiki.

Hoja ya pili ni ya utamaduni. Ulimwengu huu umejengwa Marekani na Japani. Milima yake ni ya theluji. Mashujaa wake ni wa Ulaya ya kale ya kubuni. Na lugha? Kwa mwanafunzi wa lugha, Skyrim ina dhana ya kuvutia mno. Nguvu kuu ya shujaa ni maneno: anajifunza lugha ya majoka, neno moja moja, kutoka katika kuta za mawe, na kila tamko kamili lina maneno matatu. Akiyatamka, moto unatoka au adui anaanguka. Wazee wetu, walioogopa apizo kuliko mkuki, wasingeona ajabu. Lakini wabunifu walioitungia lugha majoka ambayo hayapo hawakuutoa mchezo huo kwa Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu waliopo. Elden Ring vivyo hivyo. Kijana wa Kongo huwa shujaa wa maneno kwa lugha ya kuazima.

Hoja hii siipingi. Nasema tu kwamba dawa yake haimo katika kulalamika. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi, wenye shujaa wa kike wa Kiafrika. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ambamo mwana wa mfalme aliyepinduliwa na mkewe huzunguka dunia wakitafuta nguvu za wahenga wao. Milango imekwisha kufunguliwa. Kinachokosekana kwetu ni watu wa lugha kuingia humo. Tunao nunda, tunaye Liyongo aliyekata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, tunazo safari za ajabu za riwaya kama Mzingile ya Kezilahabi (1991) na Bina-Adamu! ya Wamitila (2002). Inashangaza kwamba sisi tunaozisifu riwaya hizo kwa kuvunja mfululizo wa visa na kumwacha msomaji atafute njia yake, ndio tunaowadharau vijana wanaopenda sifa hiyo hiyo katika fani nyingine.

Kasoro moja zaidi yafaa isemwe, nayo ni ya kibanda, si ya mchezo. Katika ziara zangu zote sikumwona msichana aliyeshika pedi. Wachache walisimama mlangoni wakatazama, wakaitwa nyumbani. Baraza hili ni la wavulana, na ngano zake hazina bibi. Katika ngano ya Sultani Majinuni aliyejua alama za nunda alikuwa mama. Msimulizi ambaye hana mama wa kumwambia "siye" aweza kumpigia nunda mnyama yeyote.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo wa kuvaa uhusika katika ulimwengu huria humvuta kijana wa Kongo kwa sababu ileile iliyomvuta msikilizaji wa ngano ya nunda: kwamba mdogo aliyedharauliwa hukua kwa matendo yake, na matendo hayo huhesabiwa. Tumeona pia kwamba mchezo huo, ulio wazi kwa njia na uliofungwa kwa maneno, hukamilika pale tu hadhira inapoongeza maneno yake. Na tumeona kwamba mashine iliposahau, watu walikumbuka.

Kutokana na haya napendekeza kwa wafundishaji wenzangu mambo mawili. La kwanza, dodoso tunalowapa wanafunzi wa fasihi simulizi liondolewe sharti la umri wa msimulizi, na mahali pa utendaji pasitajwe kuwa kijiji au nyumbani kwa mzee tu. Vibanda vya gemu, vituo vya bodaboda na vinyozi vya Kawangware na Kibera viingizwe. La pili, masimulizi yatakayopatikana humo yanakiliwe kama yalivyosemwa, pamoja na Sheng yake, wala yasisafishwe yawe Kiswahili cha darasani. Maana katika kusafisha ndiko hadhira hufutwa.

Ama zile kurasa kumi na moja, alama zake sikuweza kuzirekebisha. Mwenyewe alikwisha kuhitimu, na daftari za mitihani zilikwisha kufungwa. Nimeziweka katika jalada la masimulizi ya idara pamoja na ngano nyingine, zikiwa zimeandikwa mahali, mwezi na aina ya utendaji. Maandishi yangu ya wino mwekundu nimeyaacha pale pale pembeni, ili atakayezisoma ajue kuwa nazo ziliwahi kukaribia kupotea.